Miezi Sita Kabla ya Kiapo: Jinsi ya Kuomba Nafasi ya Uanagenzi wa Uwakili

Hotuba iliyosomwa kwa niaba ya Ofisi ya Mwanasheria wa Kaunti mbele ya wazazi, wahitimu wa sheria na wanafunzi wa vyuo, katika ukumbi wa makao makuu ya kaunti. Inachapishwa hapa kwa manufaa ya wakazi ambao hawakuweza kuhudhuria.

 

Kuna swali ambalo wazazi huja nalo mara kwa mara katika Ofisi ya Mwanasheria wa Kaunti. Mzazi huingia na bahasha mkononi. Ndani mna cheti cha shahada ya sheria cha mwanawe, picha za mahafali na matokeo ya mitihani. Kisha huuliza: “Mtoto amesoma sheria miaka minne na amefuzu. Mbona bado si wakili?”

Hilo ni swali la haki. Familia imeuza ng'ombe, imechanga harambee, imeomba basari. Inastahili jibu lililo wazi, na ndiyo sababu ya kikao hiki.

Safari yenyewe

Shahada ya sheria ni hatua ya kwanza tu. Baada ya chuo kikuu, mhitimu hujiunga na Chuo cha Sheria cha Kenya, KSL, kilichoko Karen, Nairobi, kwa mafunzo ya uwakili. Chuo hicho kilianzishwa mwaka wa 1963, nchi ilipokuwa ikijitayarisha kuwa na mawakili wake yenyewe. Huko mwanafunzi husoma masomo tisa, yakiwemo uendeshaji wa kesi za madai na za jinai, mirathi, uhamishaji wa umiliki wa ardhi, uandishi wa nyaraka za sheria na maadili ya kazi. Mitihani husimamiwa na Baraza la Elimu ya Sheria.

Pamoja na masomo hayo kuna uanagenzi wa miezi sita. Hapa mwanafunzi hukaa katika ofisi ya wakili mwenye uzoefu na kujifunza kazi kwa kuitenda. Sheria ya Mawakili, Sura ya 16, haimruhusu mtu kuapishwa bila mafunzo haya. Akishatimiza yote, huwasilisha ombi kwa Jaji Mkuu, hula kiapo na kutia sahihi katika orodha rasmi ya mawakili. Hata hapo hawezi kumwakilisha mteja mpaka apate cheti cha kufanyia kazi, ambacho hutolewa upya kila mwaka.

Kwa hiyo mzazi mwenye bahasha ajue hivi: mwanawe ana shahada, lakini bado ana mlango mmoja au miwili ya kupita. Na mlango ambao wengi hukwama ni huu wa uanagenzi, kwa sababu nafasi haitolewi na serikali kama nafasi ya shule. Mwombaji huitafuta mwenyewe.

Kwa nini jambo hili linamhusu mkazi wa kawaida

Mtu anaweza kusema, haya ni ya wasomi, mkulima yanamhusu nini? Yanamhusu sana.

Chukueni mfano wa mama aliyefiwa na mumewe. Shamba liko kwa jina la marehemu. Ili alihamishe, ni lazima aende mahakamani kuomba barua za usimamizi wa mirathi. Ataanza kwa chifu, apate barua inayoorodhesha warithi. Kisha kuna fomu: P&A 80, ambayo ndiyo ombi lenyewe, na P&A 5, ambayo ni kiapo cha kuliunga mkono. Ombi hutangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, na kwa kawaida watu hupewa siku 30 za kupinga. Ikiwa marehemu alikuwa Mwislamu, familia inaweza kwenda kwa Kadhi.

Katika safari hiyo, kosa dogo lina gharama kubwa. Jina la binti aliyeolewa likiachwa nje ya orodha ya chifu, kesi inaweza kurudi miaka kumi baadaye, ndugu wakiwa hawasalimiani. Mwanagenzi aliyefundishwa vizuri huliona kosa hilo siku ya kwanza. Humuuliza mama: “Watoto wote wako hapa? Na yule aliye Mombasa je?” Swali hilo moja huokoa shamba na huokoa undugu.

Ibara ya 48 ya Katiba inaitaka serikali ihakikishe kila mtu anaifikia haki. Haki haiwezi kumfikia mkazi wa kijijini ikiwa kila kijana aliyesomea sheria huenda Nairobi na kubaki huko. Anayefanya uanagenzi nyumbani hujifunza mahakama za nyumbani, ardhi ya nyumbani na lugha ya nyumbani, na wengine huamua kubaki.

Mahali pa kuomba

Nafasi hupatikana katika sehemu kadhaa, na kila moja ina faida yake.

Ofisi binafsi ya mawakili katika mji mdogo humpa mwanagenzi kazi za aina nyingi: leo mirathi, kesho ajali ya barabarani, keshokutwa matunzo ya watoto. Ofisi kubwa ya Nairobi humfunza mikataba ya kampuni na benki, lakini huenda asifike mahakamani mara nyingi. Ofisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma humzoesha kesi za jinai. Ofisi ya Mwanasheria Mkuu humwonyesha jinsi serikali inavyojitetea na inavyoandika sheria.

Halafu kuna ofisi ya mwanasheria wa kaunti, ambayo imewekewa msingi na sheria ya mwaka wa 2020. Ofisi hii huishauri serikali ya kaunti, huiwakilisha mahakamani na husaidia kuandaa miswada na mikataba. Mwanagenzi hapa hukutana na kesi za ardhi, za wafanyakazi, za zabuni na za ushuru wa kaunti. Hata hivyo hataona kesi nyingi za talaka wala za jinai. Ofisi inalisema wazi ili mwombaji achague akijua.

Jambo la kukagua kabla ya kukubali

Hapa vijana wasikilize kwa makini, maana hapa ndipo miezi sita huweza kupotea.

Si kila wakili anaruhusiwa kuwa mlezi wa mwanagenzi. Anatakiwa awe amefanya kazi ya uwakili kwa muda usiopungua miaka mitano, na awe na cheti halali cha kufanyia kazi kwa mwaka huo. Mwanagenzi akikaa chini ya mtu asiyetimiza masharti, anaweza kufika mwisho, barua mkononi, kisha akaambiwa muda wake hauhesabiki. Hatarudishiwa nauli wala kodi ya nyumba.

Kukagua si kazi ngumu. Chama cha Mawakili wa Kenya, LSK, kina ukurasa kwenye mtandao ambapo mtu yeyote huandika jina la wakili na kuona kama yuko hai katika kazi au la. Mwombaji afanye hivyo kabla ya siku ya kwanza. Mkazi anayetafuta wakili wa kesi yake pia aufanye ukaguzi huo huo, kwa sababu matapeli wapo, na hujiita mawakili bila haya.

Baada ya hapo, mwombaji aulize KSL ni fomu zipi za kuanza na za kumaliza uanagenzi zinazotakiwa, na azijaze kwa wakati. Asingoje mwezi wa tano ndipo aanze kutafuta karatasi za mwezi wa kwanza.

Barua ya maombi

Mawakili hupokea barua nyingi zilizonakiliwa kutoka mahali pamoja. Nyingine hutumwa ofisi ya pili zikiwa bado na jina la ofisi ya kwanza. Barua ya namna hiyo haisomwi hadi mwisho.

Barua nzuri haizidi ukurasa mmoja. Husema mwombaji ni nani, amefika wapi katika masomo, anataka kuanza tarehe gani, na kwa nini ameichagua ofisi hiyo. Sababu iwe ya kweli. Anayesema, “Nimekuwa nikihudhuria kesi za ardhi katika mahakama ya hapa na ningependa kujifunza kazi hiyo,” ameshamshinda anayesema kwamba ana bidii na anapenda haki tangu utotoni.

Aambatanishe wasifu wake, nakala ya shahada au matokeo, barua ya KSL na nakala ya kitambulisho. Ofisi nyingi za umma huomba pia cheti cha maadili mema kutoka kwa polisi, ambacho huombwa kupitia eCitizen, na namba ya PIN ya KRA. Vitu hivi huchukua muda, kwa hiyo vitayarishwe mapema.

Barua ikishatumwa, si vibaya kufika ofisini kwa miguu yake. Avae nadhifu, amsalimu karani wa mapokezi kwa heshima na kuuliza kama barua imefika. Karani huyo ndiye atakayemfundisha mambo mengi akipata nafasi, kuanzia jinsi ya kupanga faili hadi jinsi ya kuwasilisha nyaraka kwenye mfumo wa mtandao wa Mahakama.

Akiitwa kwa mahojiano, asitegemee kukariri. Anaweza kuulizwa swali la kawaida: mteja ameingia analia, ardhi yake imeuzwa na ndugu yake, utafanya nini kwanza? Jibu zuri huanza kwa kumsikiliza mteja na kuomba karatasi alizo nazo, kisha kwenda kufanya upekuzi katika sajili ya ardhi. Hotuba ndefu kuhusu haki za binadamu inaweza kungoja.

Pesa

Wazazi wengi huogopa kuuliza jambo hili, basi lisemwe hapa. Malipo ya wanagenzi hayafanani. Zipo ofisi zinazotoa posho ya kutosha, zipo zinazotoa nauli tu, na zipo zisizotoa chochote. Mwombaji ana haki ya kuuliza kwa adabu kabla ya kuanza: “Je, ofisi hutoa posho au nauli?” Swali hilo halimfanyi aonekane mwenye tamaa. Humsaidia kupanga maisha.

Familia ihesabu miezi sita ya nauli, chakula na mavazi ya ofisini. Kijana mwenye nyumba ya wazazi karibu na mji wa kaunti huenda akamaliza salama hata kwa posho ndogo, ilhali mwenzake jijini akalazimika kuacha katikati kwa kukosa kodi. Hii ni sababu nyingine ya kufikiria nafasi za hapa nyumbani.

Lakini kuna pesa ambayo haitakiwi kamwe. Nafasi ya uanagenzi katika ofisi ya kaunti hailipiwi. Hailipiwi kwa M-Pesa, hailipiwi kwa “chai”, wala hailipiwi kwa fadhila nyingine yoyote. Mtu akimwambia binti au kijana kwamba ana njia ya mkato, awe ni mfanyakazi wa kaunti au dalali wa nje, habari hiyo ipelekwe mara moja kwa Mwanasheria wa Kaunti au kwa Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi, EACC. Na mwanagenzi anayesumbuliwa na mkubwa wake kazini asinyamaze kwa kuogopa kwamba hatapata sahihi ya mwisho. Alieleze jambo hilo KSL au LSK mapema.

Ndani ya miezi sita

Mwanagenzi si wakili. Asijitambulishe hivyo kijijini, asiandike hati za kisheria kwa malipo yake mwenyewe, wala asichukue kesi ya jirani pembeni. Sheria ya Mawakili inahesabu hayo kuwa makosa, na yanaweza kumzuia asiapishwe. Siri za wateja zibaki ofisini, hata mamake akiuliza nani ameshtakiwa.

Aweke daftari. Kila siku aandike kazi aliyofanya, mahakama aliyohudhuria na jambo asilolielewa. Asipoelewa aulize. Wakili mlezi naye anadaiwa kitu: amfundishe mwanagenzi, asimgeuze kuwa mtu wa kupeleka barua na kununua chakula cha mchana kwa miezi sita.

Mwisho

Wazazi, bahasha ile isifungiwe kabatini. Vijana, anzeni kuuliza sasa, kabla ya masomo ya KSL kwisha. Ofisi ya Mwanasheria wa Kaunti hupokea maombi kwa maandishi, na nafasi zinapokuwepo hutangazwa kwenye tovuti ya kaunti na kwenye mbao za matangazo za ofisi za wadi. Anayekosa hapa anaweza kuulizia ofisi za mawakili walio karibu na mahakama.

Na kwa mama mwenye shamba lililo bado kwa jina la marehemu: yuko kijana wa hapa ambaye baada ya miezi sita anaweza kusimama mahakamani kwa niaba yako. Kazi ya kikao hiki ni kuhakikisha kijana huyo anafika.

 Sasa ni zamu ya maswali.