Kompyuta ya duka haitunzi siri
(Maelezo kwa familia zilizofika karibuni)

Wengi wetu hupita Gare du Midi. Jirani na stesheni, upande wa Saint-Gilles na wa Anderlecht, kuna maduka ya simu yenye kompyuta. Unalipa kidogo, unaketi, unachapisha karatasi ya komuni. Si vibaya kuyatumia, ila tujue mashine ile inavyofanya kazi.

Ukifungua madirisha mawili kwenye skrini, utadhani kila moja lina ukuta wake. Sivyo. Kwenye kompyuta nyingi, programu iliyojificha inaweza kunakili kila herufi unayobonyeza na kupiga picha ya unachotazama. Tena kompyuta za duka zimeunganishwa kwa mtandao mmoja, na anayezisimamia anaweza kuwekewa njia ya kuiona skrini yako akiwa kwenye mashine yake. Zile nyota zinazoficha neno la siri humzuia aliyesimama nyuma yako tu.

Jambo jingine: kufunga dirisha si kutoka. Ukifungua WhatsApp pale kisha ukaondoka, akaunti inaweza kubaki wazi. Anayeketi baada yako atasoma meseji za familia, na anaweza kuwaomba ndugu zako pesa kwa jina lako. Picha ya kadi ya ukaaji uliyoipakua nayo inabaki ndani ya mashine. Mtu mbaya anaweza kujaribu kuitumia kufungua laini ya simu, na bili ikaja kwako.

Basi tufanye hivi. Mambo ya benki, itsme na eBox, tumia simu yako mwenyewe. Usiweke namba ya siri ya kadi ya ukaaji kwenye mashine ya duka. Itsme ikikuomba uthibitishe jambo ambalo hukulianzisha wewe, kataa, hata kama kuna mtu anakuharakisha kwa simu.

Ukienda kuchapisha, peleka karatasi inayohitajika tu. Ukimaliza, ifute, ifute tena kwenye kapu la takataka, kisha toka kwenye akaunti yako. Kabla ya kuinuka, fungua WhatsApp kwenye simu, tazama orodha ya vifaa vilivyounganishwa, na usichokijua kiondoe.

Ukishuku kuna aliyeingia, badilisha neno la siri siku hiyohiyo, ukitumia simu yako. Kadi ya benki ikiwa hatarini, piga Card Stop, 078 170 170. Kadi ya ukaaji ikipotea au kuibiwa, piga Doc Stop, 00800 2123 2123. Namba zote mbili hupokelewa usiku na mchana.

Karatasi hizi tulizisubiri miaka mingi. Mwenye wasiwasi aje ofisini na simu yake, tuiangalie pamoja.