Askari wa Udongo

Ndugu Mwenyekiti, Mwalimu Mkuu, walimu, wenzangu tuliosoma hapa Magole, na ninyi wadogo zetu,

Nimetakiwa niseme juu ya visanamu vilivyomo katika sanduku la kioo hapo mezani. Ni kazi yangu ya jioni, nitokapo ofisini.

Nilianza hapa hapa. Nilifinyanga askari wenye urefu wa kidole, nikawavika mavazi ya chuma ya Kizungu kama nilivyoona kitabuni. Mwalimu wa historia akawatazama, akauliza, "Na askari wa Kilwa yuko wapi?" Sikuwa na jibu. Swali hilo likanifuata hadi Chuo Kikuu.

Leo yupo. Hapo ni Kilwa, Julai 1505, meli za Francisco d'Almeida zilipoingia. Habari zilizoandikwa na waliokuja na meli hizo zinataja mikuki na mishale ya wenyeji. Mji ulitwaliwa bila vita kubwa. Amiri Ibrahim akakimbia.

Jinsi ya kufanya ni rahisi. Kausha udongo kivulini usipasuke. Paka chokaa kwanza, kisha rangi nzito ndani ya mikunjo ya nguo, na nyepesi juu yake. Kupaka si kazi. Kazi ni kujua upake nini.

Vijana, upande mmoja wa sanduku nimeuacha mtupu. Ni wa Mombasa, Agosti 1505, ambako watu walipigana mitaani. Udongo uko mtoni, vitabu viko maktaba. Mahali hapo ni penu.