TUPANDE MLIMA KWA HISANI, TUSIWAACHIE WENGINE TAKA

(Maneno yaliyosemwa na ndugu mmoja wa karakana mbele ya mkutano wa tawi)



Mwaka huu tena tutapanda Mlima Kenya ili tupate fedha za kuwasomesha mayatima wa wenzetu. Kazi hiyo ni njema. Lakini leo twataka kusema juu ya aibu yetu wenyewe.

Mara ya kwanza tulipopanda, tulipita njia ya Sirimon, upande wa Nanyuki, tukafika Lenana, meta 4,985. Tulipiga picha, tukaimba, tukashuka. Kambini tulimkuta mpagazi mmoja ameinama, mzigo mgongoni, akiokota makopo yetu ya samaki. Akatuuliza: "Wazee, ninyi mmepanda kwa sadaka. Na takataka hizi, nazo ni sadaka yangu?" Hatukuwa na jibu.

Ndugu zangu, mpagazi ni mfanyakazi kama sisi. Sisi hatukubali kufanya kazi isiyo na malipo. Mbona tulimtwika yeye? Sadaka inayomwachia mwingine mzigo si sadaka kamili.

Tena mlima ule si mlima tu. Umekuwa mbuga ya taifa tangu mwaka 1949. Maji yake huingia Tana na Ewaso Nyiro. Watu hunywa, ng'ombe hunywa, na maji ya Tana huendesha mitambo ya umeme. Uchafu wa juu hushuka chini.

Wengine husema, "Ganda la ndizi litaoza tu." Huku kwetu kwenye joto, ndiyo. Kule juu baridi ni kali, na kitu hukawia sana kuoza. Hata choo cha mtu hukaa siku nyingi.

Basi, hatuna budi kufanya haya:

Kwanza, mizani. Sisi watu wa reli twajua kupima mzigo na kuuandika. Langoni tuandike kila kopo na kila mfuko unaopanda. Tukishuka, tuhesabu tena. Kilicholiwa kimeliwa, lakini kopo lake lirudi.

Pili, chupa za plastiki za kutumia mara moja tuziache nyumbani. Serikali ilizikataza katika mbuga za taifa tangu tarehe 5 Juni 2020. Kila mtu achukue chupa yake ya kujaza tena.

Tatu, tutumie vyoo vya kambi. Mtu akibanwa njiani, aende mbali na mto, na karatasi aliyotumia aitie mfukoni ashuke nayo.

Nne, tusiwashe moto wa kuni wala kutupa kipande cha sigara. Mwezi wa Machi 2012 moto mkubwa uliunguza sehemu za mlima ule. Tupikie majiko ya gesi.

Tano, tufuate njia iliyopo, hata ikiwa na matope. Mtu akikwepa tope, hukanyaga mimea inayokua polepole mno, na njia moja huwa tatu. Tena tusiandike jina la tawi juu ya mwamba, wala tusiache bendera.

Sita, tusipande kundi kubwa. Fedha hazitoki miguuni, zatoka kwa wachangaji. Watu kumi wakipanda, na wengine tisini wakizunguka na kadi za mchango huku chini, mfuko utajaa vilevile na mlima utapumzika.

Na wapagazi tuwalipe haki yao, tusiwazidishie mizigo. Wakibeba taka zetu, walipwe kwa kazi hiyo pia.

Ndugu zangu, yule mpagazi huenda tukakutana naye tena. Safari hii tumwonyeshe magunia yetu ya taka migongoni mwetu wenyewe, ndipo tumwamkie bila haya.

Umoja ni nguvu.