Jina la Kanga Hukaa Nyuma

(Maneno ya Mwenyekiti siku ya kutimiza miaka kumi ya kikundi chetu cha akina mama, Kibaoni)



Hesabu atazisoma mweka hazina. Sisi tumepangiwa kusema machache juu ya sare hii tuliyovaa, kwa sababu nusura itupasue kikundi.

Kanga tunaijua sote. Ina pindo, ina mji, ina jina. Tulizaliwa tukapokelewa kwa kanga, tukabebwa mgongoni kwa kanga. Zamani kule pwani majina yake yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, baadaye zikaja herufi hizi tulizosoma shuleni. Mwaka 1968 kikafunguliwa kiwanda cha Urafiki pale Dar es Salaam, zikatoka kanga za humuhumu nchini.

Raha ya kanga ni kwamba inasema nasi tumenyamaza. Jirani akituchokoza hatugombani. Tunajifunga "Hasidi hana sababu", tunapita mlangoni kwake kwenda kuchota maji, na bomba tunalo nyumbani. Tukiulizwa tunajibu: aa, tumependa rangi tu. Jioni naye anapita kwetu na "Naogopa simba na meno yake, siogopi mtu kwa maneno yake". Vita imekwisha, na hakuna aliyepelekwa kwa mtendaji.

Na mapenzi ni hivyo hivyo. Hapa bondeni mapenzi yana msimu kama mpunga. Mwezi wa saba, ghala limejaa, baba anarudi sokoni na doti mpya, "Wawili wakipendana adui hana nafasi", na sisi tunaitwa mpenzi. Ikifika Februari, ghala tupu, mvua inanyesha, tunaitwa "wewe". Kanga ni ileile, imefubaa kidogo tu. Lakini tusiwaonee akina baba. Na sisi Februari huwa hatuitiki vizuri.

Sasa turudi kwenye sare. Mwaka juzi mwenzetu mmoja alikopa, akalipa mara mbili, akaacha kuja. Tukimkuta njiani anakata kona. Tukasema, huyo katula. Basi tulipokaa kuchagua jina la kanga ya miaka kumi, wengi wetu tulitaka "Mdhaniaye ndiye kumbe siye". Tulijua anayesemwa ni nani, na tulicheka sana siku ile.

Mama mmoja, mtu mzima, mmoja wa wale watatu wanaotunza funguo za sanduku, hakucheka. Akauliza: "Jina la kanga hukaa wapi?" Tukamjibu, nyuma. Akasema: "Basi mtakuwa mmempa mgongo ndipo mnaongea naye. Nani kati yenu amekwenda kwake akamsemesha kwa uso?"

Jamani, tulitazamana. Wanachama thelathini, miezi mitano, hakuna hata mmoja aliyekwenda. Kumbe sote tulikuwa tukimsema kwenye foleni ya mashine ya kukoboa tu.

Tukaenda watatu. Tulimkuta anachoma vitumbua. Alipotuona alitaka kuingia ndani, mafuta yakiwa jikoni. Tukakaa, ndipo akasema. Mpunga wake uliuzwa ungali shambani, haujaiva, kwa bei ya kutupa, na gunia zenyewe lumbesa. Hakuuza yeye. Fedha hakuiona. Akaona aibu kuja mikono mitupu mbele ya sanduku, kila wiki aibu ikaongezeka, hadi ikawa kubwa kuliko deni.

Tulimpangia kulipa kidogo kidogo kwa fedha ya vitumbua. Deni halijaisha, hatutawadanganya. Lakini wiki nne hizi hajakosa kikao, na faini ya kuchelewa amelipa mara moja tu, wakati mwenyekiti wenu amelipa mara mbili.

Jina tukalibadilisha, tukachukua hili mnalolisoma, "Wema hauozi". Alipoliona akacheka: "Hata hili mmenisema mimi!" Sare hakuwa amechangia. Yule mama wa ufunguo akakata doti yake, akampa upande mmoja. Ndiyo maana leo humu wamo akina mama wawili waliojifunga kanga moja moja. Mwenyewe ametukubalia tuyaseme haya. Tafadhali msigeuze shingo kuwatafuta.

Wanachama wenzetu, miaka kumi tumejifunza kuweka hisa, kukopa na kurejesha. Kuongea uso kwa uso bado tunajifunza. Kanga tuendelee kuzivaa na mafumbo yake, maana bila mafumbo Kibaoni patapooza. Ila kwa mwenzetu wa sanduku moja tukubaliane hivi: akikosa vikao viwili, wawili wetu waende kwake kabla ya kikao cha tatu. Waende na kilo ya sukari, wasiende na daftari.

Na nyinyi akina baba, ombi letu ni moja. Mpunga ukiwa bado shambani, kabla hamjauuza, tuulizeni. Mkituuliza, huenda hata Februari mtaitwa wapenzi.