Fedha za Watu na Fedha za Chai: Maneno Yaliyosemwa Mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka



Nimeagizwa nieleze habari za vyama vya huduma vilivyoko mjini, kama Rotary na Lions, jinsi vinavyochanga fedha na jinsi vinavyozitumia. Na sababu ya kuagizwa hivyo nyote mwaijua. Liko mbele yetu jambo la kukata shauri, nalo ni hili: je, tuwaandikie watu hao barua kuomba tangi la maji kwa ajili ya shule yetu, au tusiandike? Katika kikao kilichopita palikuwa na maneno mengi. Wazee wengine walisema ya kwamba kuomba ni kujivunjia heshima. Vijana wakajibu kwamba mtoto mwenye kiu hali heshima. Mimi ni karani, kazi yangu ni vitabu vya hesabu na stakabadhi, nami nitalitazama jambo hili kwa jicho la karani, maana sina jingine.

Yafaa kwanza tuwajue tunaotaka kuwaandikia. Rotary ilianzishwa mjini Chicago, Marekani, tarehe 23 Februari 1905, na wakili aitwaye Paul Harris pamoja na wenzake watatu. Jina lenyewe latokana na desturi yao ya kukutana kwa zamu, juma hili afisini kwa huyu, juma lijalo afisini kwa yule. Mwanzo walikutana kwa ajili ya urafiki na biashara zao tu. Kuwafaa wengine kulikuja baadaye kidogo, na mojawapo ya kazi zao za kwanza za hadhara ilikuwa kutaka vyoo vya watu wote vijengwe mjini. Naam, vyoo! Nalitaja jambo hili kwa kuwa wako kati yetu wanaodhani kwamba kazi ya chama haina maana isipokuwa ni kubwa ya kupigiwa tarumbeta. Nairobi ilipata klabu yake ya Rotary mwaka 1930. Lions nao walianza Chicago, mwaka 1917, kwa juhudi za Melvin Jones, mfanya biashara ya bima. Na mwaka 1925 Helen Keller, yule bibi aliyekuwa kipofu na kiziwi, alisimama mbele ya mkutano wao akawaomba wawe watetezi wa vipofu. Tangu hapo kazi ya macho imekuwa kama alama yao, na hata leo ukisikia watu wanapasuliwa mtoto wa jicho bila malipo, mara nyingi Lions wana mkono humo.

Vyama hivi viwili havikuwakubali wanawake kuwa wanachama kamili ila hivi majuzi tu, Lions mwaka 1987 na Rotary mwaka 1989. Hapo mama zetu, ambao wamekuwa wakibeba vyama vya kuzikana na vya upatu tangu sisi tungali watoto wa mgongoni, wana haki ya kucheka kidogo.

Sasa niingie katika kiini cha maneno yangu. Katika kanuni za Lions liko jambo moja ambalo kwangu lina thamani kuliko tangi lo lote watakalotupa. Fedha zilizochangwa kwa watu haziwekwi pamoja na fedha za kuendesha chama. Ada za wanachama ndizo zinazolipa chakula cha mkutano, karatasi, stempu na nauli. Fedha zilizotolewa na watu, zikiisha kutolewa gharama za uchangishaji wenyewe, hurudi zote kwa watu. Mifuko ni miwili, na vitabu vya hesabu ni viwili. Mwanachama anywapo chai, anakunywa chai aliyoinunua mwenyewe.

Rotary nao wana ukali wao. Mfuko wao wa dunia, unaosaidia kazi kubwa, hautazami ombi ambalo jumla yake haifiki dola 30,000 za Marekani. Na hata ombi hilo lazima lisimamiwe na klabu mbili, moja ya nchi yenye kazi na moja ya nchi nyingine. Kabla ya senti moja kutoka, wenyeji waulizwe haja yao ni nini, na majibu yao yaandikwe. Fedha ziwe na akaunti yake peke yake benki, watu wawili watie sahihi kila zitokapo, na karatasi zote zihifadhiwe kwa muda usiopungua miaka 5. Mtu asiyezoea kazi ya afisi ataona huu ni usumbufu. Mimi nilipoyasoma hayo nilifurahi kama mtu aliyekutana na ndugu yake ugenini.

Na matunda ya ukali huo yapo. Mwaka 1985 Rotary waliazimia kupambana na ugonjwa wa polio duniani kote. Wazee wanaukumbuka ugonjwa huo, na wengi wetu tulisoma darasa moja na mtoto aliyetembea kwa fimbo mguu mmoja umenyauka. Mwaka 1988, serikali za dunia zilipoungana katika vita hivyo, watoto wapatao 350,000 walikuwa wakipoozwa kila mwaka, katika nchi zaidi ya 125. Tarehe 25 Agosti 2020 ilitangazwa rasmi kwamba virusi vya asili vya polio vimekwisha katika Kanda ya Afrika. Haikuwa kazi ya Rotary peke yao. Serikali, Shirika la Afya Duniani, na wauguzi waliopita nyumba kwa nyumba na masanduku ya barafu, wote walifanya kazi. Lakini ilikuwa miaka 35 ya kuchanga kwa ajili ya jambo moja, na huwezi kumwendea mtu yule yule kwa miaka 35 ukimwomba, ikiwa humwambii fedha za mwaka jana zilikwenda wapi.

Bwana Mwenyekiti, huenda mtu akauliza, je, sisi wa pwani tufundishwe kuchanga na watu wa Chicago? La, hasha. Mzee wa Kigiriama akiitisha mweria shambani kwake, watu huja na majembe yao, na hakuna anayeuliza atalipwa nini, kwa kuwa kesho ni zamu ya shamba lake. Tena katika matanga, ni nani asiyelijua daftari? Kijana mwenye hati nzuri huketi penye kivuli, kila atoaye huandikwa, na kabla watu hawajatawanyika husomwa mbele ya wote: fulani ametoa kadha, fulani mbuzi, fulani mchele, jumla ni kadha, jeneza limegharimu kadha. Mfiwa hawezi kudhulumiwa mbele ya daftari lile. Kwa hiyo kanuni ya kusoma hesabu hadharani twaijua zamani. La ajabu ni kwamba twaifuata mtu akiisha kufa, na katika mambo ya walio hai tunaona haya kuuliza.

Haya hiyo imetugharimu. Mwaka 1963 Mzee Jomo Kenyatta alilifanya neno harambee kuwa wito wa taifa, na kwa wito huo wananchi walijenga shule, zahanati na visima ambavyo serikali changa isingaliweza kuvijenga peke yake. Baadaye wakubwa walijifunza kuja na bahasha nene karibu na uchaguzi, na mtu akitoa mbele ya kipaza sauti hakuna aulizaye amepata wapi. Mwaka 2003 ilitungwa sheria ya maadili ya watumishi wa umma iliyowawekea mipaka katika michango hiyo, na Julai 2024, vijana walipokuwa wamejaa barabarani, Rais William Ruto alitangaza kuwazuia watumishi wa serikali kushiriki harambee. Sitaki kuingia katika siasa, na Bwana Mwenyekiti ameniangalia tayari. Nasema tu kwamba neno zuri kama lile lisingalifika hapo kama kila harambee ingalikuwa na daftari la matanga.

Liko na jambo la wageni. Malindi na Watamu twaishi na watalii, na wema wao tumeuonja: kalamu, madaftari, hata madarasa mazima. Lakini wema huo huja na ndege na huondoka na ndege. Baada ya shambulio la Kikambala la Novemba 2002 hoteli zilipwaya. Machi 2020, kwa ajili ya ugonjwa wa korona, ndege za abiria kutoka nje zilisimamishwa hadi Agosti, na ndugu zetu wa hoteli wakarudi nyumbani mikono mitupu. Hata katika mwaka mwema, wageni huja wakati wa kaskazi, na mvua ya mwaka inapoanza, Aprili, hoteli nyingi hufunga milango. Wakati huo huo ndio bati la shule linapong'oka. Kwa hiyo fedha za matengenezo lazima ziwe zimekwisha wekwa kabla ya kusi, la sivyo tutamngoja mgeni na mvua iko darasani.

Katika safari zangu za kazi nilifika shule moja, ambayo sitaitaja, nikaonyeshwa tangi zuri lenye majina ya wafadhili kwa rangi ya buluu. Nikagonga kwa kidole; likalia kama ngoma. Milizamu ya kuleta maji kutoka paani ilikuwa imeanguka, bilula imevunjika, na bilula ile ingaliweza kununuliwa kwa bei ya kuku mmoja. Nikauliza mbona haikutengenezwa. Nikajibiwa, "Tangi si letu, ni la wafadhili." Jibu lile lilinikaa moyoni siku nyingi.

Basi tuhesabu tangi letu. Milimita moja ya mvua ikianguka juu ya mita moja ya mraba hutoa lita moja ya maji. Tuchukue paa la madarasa mawili, mita za mraba 100. Mvua nzuri ya usiku mmoja, milimita 20, itatupa lita 2,000. Tukitoa kinachomwagika, tuseme lita 1,600. Mvua kama hizo saba zatosha kulijaza tangi la lita 10,000. Watoto wakiwa 400, na kila mmoja akinywa lita moja kwa siku, maji yale ni ya siku 25 za masomo, yaani majuma matano. Lakini kiangazi baada ya vuli, Januari hadi Machi, ni majuma kumi na zaidi. Tangi moja litawaacha watoto njiani. Na ndugu zetu wa Ganze na Bamba, waliopitia ukame wa tangu mwisho wa mwaka 2020 hadi 2022, watawaambia kuwa kuna miaka ambayo vuli haiji kabisa, na maji ya gari hayana budi kutafutwa.

Kwa hiyo, ikiwa tutaandika, tuandike kweli: twahitaji matangi mawili na milizamu ya paa zima, wala si tangi moja lenye majina. Mchanga na kokoto twaleta sisi. Msingi tutauchimba kwa mweria, siku mbili, kila nyumba mtu mmoja. Na kabla ya barua kupelekwa, Mweka Hazina afungue akaunti ya pili, ya maji peke yake, ambayo haitalipa nauli ya mtu ye yote wala soda ya mkutano huu. Ndani yake kila mwanachama atie kidogo kila mwezi, kiasi mtakachokubaliana, fedha za bilula na milizamu. Kamati ya tangi iwe na mama zetu wengi kuliko wanaume, na ufunguo wakae nao wao, maana maji yakikosekana shuleni ndio wanaoamka saa kumi za usiku. Hesabu isomwe hadharani, kwa sauti, kila muhula.

Najua neno hili la mifuko miwili si tamu kwa wote. Ada zetu ni ndogo, na chai ya Halmashauri imekuwa ikitoka palipo na fedha. Tukizitenga, huenda mikutano mingine tukaketi bila chai. Nimelipima jambo hilo, nikaona afadhali.

Kwa wazee waliosema kuomba ni kuvunja heshima, nasema kwa adabu ya mtoto mbele ya baba zake: maneno yenu ni ya kweli kwa mtu anayekuja na mikono mitupu. Mtu anayefika akiwa na kokoto zake zimekwisha mwagwa uwanjani, na daftari lake kwapani, huyo anatafuta mwenzi wa kazi. Akikataliwa hurudi nyumbani na kokoto zake, akajenga polepole.

Bwana Mwenyekiti, rasimu ya barua iko mezani kwa Mwandishi, na karatasi za benki za kufungulia akaunti ya pili nimezileta. Zahitaji sahihi za watu wawili. Naomba hoja hizi zipigiwe kura mbali mbali, na ile ya akaunti itangulie.