Tuisome Historia Yetu Pamoja

(Mazungumzo kwa familia zilizohama makwao na viongozi wa mitaa, Likasi, Haut-Katanga)



Sisi tunaozungumza nanyi leo tumetoka pande mbili. Wengine wetu wanaitwa wenyeji wa Katanga. Wengine wanaitwa Wakasai, ijapokuwa walizaliwa hapa Kikula au Panda na hawajawahi kuiona Kasai. Hatukubaliani katika kila jambo. Lakini tumekubaliana juu ya neno moja: mila na historia zilizotumiwa kutugawa zinaweza pia kutupatanisha, kwa sharti kwamba zisimuliwe mbele ya pande zote mbili.

Maarifa ya wazee

Kampuni ya Union Minière ilianzishwa mwaka 1906. Lakini karne nyingi kabla yake, watu wa nchi hii waliijua shaba, yaani mukuba. Mafundi wa Basanga na Bayeke hawakuwa na mashine. Walitazama vilima ambavyo miti haioti, na maua madogo yanayopenda udongo wenye shaba. Wakati wa kiangazi, baada ya mavuno, walichimba jiwe la kijani, wakajenga tanuru kwa udongo wa kichuguu, wakachochea mkaa kwa mivukuto ya ngozi. Shaba iliyoyeyuka waliimimina katika umbo la msalaba.

Misalaba hiyo ya zamani imepatikana makaburini huko Sanga, karibu na ziwa Kisale. Mwaka 1960 mitatu iliwekwa kwenye bendera ya Katanga. Wako wanaosema, "Mnaona? Mali hii ni yetu peke yetu." Sisi tunajibu kwa heshima: msalaba wa shaba ulikuwa fedha pia, na fedha haina kazi kama huna jirani wa kubadilishana naye.

Baluba nao walikuwa na lukasa, ubao mdogo wa mti wenye shanga. Watu wa chama cha Mbudye waliushika kwa mkono mmoja, wakapitisha kidole cha mkono mwingine juu ya shanga, wakasimulia habari za wafalme na safari za mababu. Ubao ni ule ule, lakini masimulizi yangeweza kutofautiana kufuatana na msomaji na wasikilizaji wake. Wazee walijua kwamba historia haina msomaji mmoja.

Tena, Baluba wa Kasai husimulia kwamba mababu zao walitoka Nsanga Lubangu, na mahali hapo pako Katanga. Basi neno "mgeni" tulitumie kwa uangalifu.

Reli, kambi na mwaka 1992

Mwaka 1928 reli iliunganisha Katanga na Kasai mpaka Port-Francqui, leo Ilebo. Kampuni ilileta wafanyakazi kutoka Kasai, Rwanda na Burundi. Katika kambi za wafanyakazi, watoto wa makabila yote walikua wakisema Kiswahili. Kiswahili chetu cha Katanga hakina kabila, tulikitengeneza pamoja.

Lakini tuseme ukweli wote. Wakasai wengi walipewa kazi za ukarani na usimamizi, na wenyeji wengi waliona wamepitwa katika nchi yao. Uchungu huo ulikuwa wa kweli. Gécamines ilipoanza kuanguka na mishahara kukosekana, wanasiasa waliuchukua uchungu huo wakaufanya silaha. Watu waliitwa bilulu, yaani wadudu. Mwaka 1992 nyumba zilichomwa hapa Likasi. Maelfu ya familia zililala kwenye stesheni na katika mashule kwa miezi mingi, zikingojea treni ya kwenda Kasai. Wengine, hasa watoto, walikufa kwa magonjwa.

Mmoja wetu alikuwa mtoto pale stesheni. Mwingine, baba yake aliwaficha majirani nyuma ya ghala ya unga. Na mwingine alikulia katika nyumba ambayo jamaa yake waliichukua baada ya wenyewe kukimbia. Alitueleza jambo hilo baada ya miaka mingi, na siku ile tulikaa kimya kwa muda mrefu. Hatujalimaliza bado. Lakini tangu limesemwa, tunaweza kuketi meza moja.

Tunayasema haya kwa sababu miaka ya nyuma tumepokea ndugu waliokimbia vita vya Mitwaba na Pweto. Mwaka 2016 na 2017 vita vya Kamuina Nsapu viliwaondoa makwao watu zaidi ya milioni moja huko Kasai, na familia kutoka Kasai zimeendelea kuja Katanga kutafuta maisha. Kazi ni chache, na tumesikia tena sokoni lile neno la wadudu. Sisi tunajua lilitufikisha wapi.

Mfano wa mbali

Huko Nyuzilandi, katika bahari ya Pasifiki, Wamaori na Waingereza walitia sahihi mkataba wa Waitangi mwaka 1840. Wamaori walinyang'anywa ardhi nyingi hata hivyo. Mwaka 1975 kiliundwa chombo cha kusikiliza malalamiko ya Wamaori, nacho husikiliza pia masimulizi ya wazee, mara nyingi katika uwanja wao wa mikutano. Hali yetu si hiyo: sisi sote tulitawaliwa. Lakini tunaweza kujifunza kwamba neno la mzee ni ushahidi, na kwamba linasikilizwa mahali pa mwenyewe.

Tunaomba mambo matatu

Kwanza, kila mtaa uwe na baraza ambapo wazee wa pande zote mbili watasimulia, na vijana wawepo. Kila upande urudie kwanza maneno ya upande wa pili mpaka wenyewe waseme, "Ndiyo, ndivyo tulivyosema."

Pili, viongozi wasinyamaze wanaposikia watu wakiitwa wadudu. Wajibu siku ile ile, wasingoje moto.

Tatu, mama na baba, waelezeni watoto habari za majirani waliowaokoa watu, si habari za waliochoma tu.

Wahenga walisema: kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Sisi ni watu wa mji wa shaba, na neno hilo tunalielewa.

 Sasa ni zamu yetu kuwasikiliza ninyi.