Makaburi Yasiyo na Majina

(Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)



Nimeombwa nizungumze juu ya kazi yangu ya upimaji ardhi serikalini. Nitafanya hivyo, ila nitaanzia mbali, huko Ayalandi, na sababu mtaiona.

Tulipokuwa kidato cha tatu, padri mmoja mzee, Mwairishi, alikuwa akija kila Alhamisi kutufundisha kipindi cha dini. Siku moja mwenzetu aliuliza mtoto anayekufa kabla ya kubatizwa huenda wapi. Padri alinyamaza kitambo. Kisha akasema kwamba mdogo wake mmoja alizaliwa mfu, na baba yao akatoka nyumbani usiku, peke yake, kisanduku kwapani na koleo mkononi. Mama yao hakuonyeshwa mahali. Kengele ikalia, nasi tukakimbilia ugali. Lakini jambo lile lilinikaa moyoni, na nilipofika Chuo Kikuu nilitafuta vitabu nikasoma.

Mahali pa namna hiyo kwa Kiairishi huitwa cillín, neno lililotokana na Kilatini likiwa na maana ya chumba kidogo au kikanisa. Zimeorodheshwa sehemu zaidi ya 1,300 katika kisiwa kile, na zilizo nyingi ziko upande wa magharibi, katika wilaya za Galway, Mayo na Kerry. Watu walichagua mahali pasipo pa mtu: magofu ya makanisa ya kale, maboma ya duara ya tuta la udongo yaliyokwisha hamwa, mpaka wa shamba na shamba, ufuko wa bahari. Huko Donegal kuna kisiwa kidogo kiitwacho Oileán na Marbh, yaani Kisiwa cha Wafu, ambacho hufikiwa kwa miguu maji yakipwa. Maziko yalifanyika baada ya jua kuzama au kabla halijachomoza, aghalabu bila padri. Juu ya kaburi liliwekwa jiwe la kawaida lisiloandikwa, na mara nyingine vijiwe vyeupe. Hawakuzikwa watoto peke yao. Walizikwa pia waliojiua, wageni wasiojulikana, na mabaharia waliotupwa na mawimbi.

Sababu yake ilikuwa mafundisho. Mtakatifu Agustino, katika karne ya 5, alifundisha kwamba asiyebatizwa hawezi kuingia mbinguni hata akiwa mchanga, ingawa adhabu yake ni nyepesi kuliko zote. Wanazuoni wa baadaye walilainisha kidogo, wakasema wako mahali paitwapo Limbo, pasipo na mateso wala kumwona Mungu. Limbo haikupata kutangazwa kuwa fundisho la lazima la imani; hata hivyo akina mama waliishi nayo kama kwamba ilikuwa lazima. Mkunga aliruhusiwa kubatiza wakati wa hatari, na kweli yeyote aliruhusiwa, kwa hiyo mtoto aliyevuta pumzi mbili tatu aliweza kuwahiwa. Aliyezaliwa mfu hakuwa na njia. Sheria ya Kanisa ya 1917, kanuni ya 1239, iliwanyima maziko ya Kanisa waliokufa bila ubatizo. Mambo yalibadilika polepole. Sheria mpya ya 1983 ilimruhusu Askofu kukubali mazishi ya Kanisa kwa mtoto ambaye wazazi walikusudia abatizwe, na mwaka 2007 Tume ya Kimataifa ya Teolojia, kwa idhini ya Baba Mtakatifu Benedikto wa 16, ilitoa waraka uliosema kuna sababu za kutumaini kwamba watoto hao huokoka.

Sasa nije kwenye kazi yangu. Upimaji wa Ayalandi nzima ulianza 1824, na ramani zake zikakamilika 1846, kwa kipimo cha inchi sita kwa maili. Wapimaji walikuwa askari wa Kiingereza, watu ambao sina sababu ya kuwasifu. Lakini waliuliza wenyeji majina ya mahali, na katika ramani zile sehemu nyingi za namna hii zimeandikwa wazi kuwa ni makaburi ya watoto. Kitu ambacho vitabu vya parokia havikuandika kiliandikwa na mpima ardhi! Leo wanaolinda sehemu hizo barabara inapopangwa hufungua kwanza ramani hizo za zamani.

Ndugu Mwenyekiti, sheria ya 1917 ilikuwa sheria ya dunia nzima. Ilifika hapa pia. Nimeuona mchoro wa bweni jipya tunalolichangia, na mimi mwenyewe nimechanga. Pale nyuma ya ukuta wa makaburi ya zamani ya misheni mchoro unaonyesha kiwanja kitupu. Si kitupu. Mtoto wa kwanza wa bibi yangu, ambaye angekuwa mjomba wangu, aliishi siku mbili akafa kabla ya kubatizwa, akazikwa nje ya ukuta ule mwaka 1956. Bibi alikuwa akipita pale kwenda kisimani, hasimami, anapunguza mwendo tu. Mimi nilicheza mpira pale miaka minne nikiwa najua, wala sikumwambia mtu. Ni wangapi wengine wamelala pale sijui, na ofisini hakuna karatasi inayosema.

Sisemi bweni lisijengwe. Vijana hawa wanalala wanne wanne. Naomba liogezwe upande wa magharibi, hatua thelathini hivi, na eneo lile liandikwe kwenye ramani ya shule kwa jina lake. Mama yangu mkubwa yuko hai, na wako wazee wengine watatu wanaokumbuka. Kamati ikikubali, watakuja Jumamosi ijayo saa tatu asubuhi kutuonyesha. Mimi nitaleta futi kamba na vigingi. Nahitaji wanafunzi wawili wa Jiografia wa kunishikia kamba.